Sababu ya Sita ya Kioo Kutoona

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliufananisha moyo na kioo, na katika Ihya Ulum al-Din akahesabu sababu tano za kioo kutoonyesha sura: huenda chuma chake bado hakijafuliwa kikawa kioo, huenda kimeshika kutu, huenda kimegeuziwa upande mwingine, huenda pazia limekikinga, au mwenyewe hajui pa kukielekeza. Kwa hesabu hiyo, upofu wa moyo hutokana na uchanga, maasi, kushughulishwa na mengine, itikadi za kurithi au ujinga. Naona ipo sababu ya sita, na wapiga picha wa mahali pa baridi wanaijua sana: kioo kilichokamilika, kisafi, kilichoelekezwa sawasawa, kisicho na pazia mbele yake, na bado hakioni.

Kamera iliyokaa nje kwenye miteremko ya juu ya Kilimanjaro, ambako usiku joto hushuka chini ya sifuri, huweza kupiga picha safi huko huko kwenye baridi. Taabu huanza inapoingizwa kibandani, penye watu wanaopumua na chai inayofuka. Papo hapo lenzi huvaa ukungu. Wengi huilaumu baridi, lakini maji yale hayakutoka kwenye baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Kwenye nyuzijoto sifuri haifikishi hata 5. Hewa ya kibandani ikigusa kioo baridi hupoa ghafla, hushindwa na mzigo wake, ikautua palepale juu ya kioo. Ndivyo William Charles Wells alivyoueleza umande mwaka 1814: haudondoki kutoka mbinguni, bali hutoka katika hewa iliyogusa kitu kilichopoa kuliko yenyewe. Basi kioo hakina kasoro wala chumba hakina kosa. Kasoro imezaliwa na kukutana kwao kwa ghafla. Mtu anayetoka kwenye hesabu za ofisini akaingia moja kwa moja matangani yumo katika hali hiyo. Si mwovu, si mjinga, wala hana dharau. Lakini anampa mfiwa pole na hamwoni.

Atakayenipinga atasema ukungu ni kutu nyingine tu, au ni pazia jembamba, na hesabu ya sababu tano inatosha. Jibu liko kwenye dawa. Kutu haiondoki kwa kungoja; huondoka kwa kusuguliwa. Pazia huvutwa kando. Ukungu ukiupangusa hurudi maadamu kioo ni baridi, na ukikiacha kioo kipate joto la chumba, hutoweka bila kuguswa. Maradhi yasiyoshiriki dawa si maradhi mamoja. Anayemhimiza mtu yule wa matangani atubu kwa ugumu wa moyo anasugua pasipo na kutu, na humwachia mikwaruzo ambayo hakuwa nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Ikiwa kuona kunahitaji kulingana joto na mahali, je, si kumwambia kila aingiaye ashike rai ya wenyeji, kama wasemavyo: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho? Hakimu aliyepashwa joto na jamaa za mshtakiwa si hakimu tena. Lakini lenzi iliyopata joto la chumba haikufumba jicho. Ndiyo kwanza imelifumbua. Tena wapiga picha waangalifu huifunga kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuingia: joto hupenya taratibu, unyevu hubaki nje, na matone hutua juu ya mfuko. Yawezekana, basi, kupokea joto la mahali bila kulowa. Hakimu anaweza kuijua hali ya watu walio mbele yake bila kuyakubali madai yao.

Itasemwa pia kwamba mambo hayangoji, na lenzi ikishapata joto picha yenyewe imekwisha kupita. Ni kweli, ndiyo maana wapiga picha wa nyota huivisha lenzi mkanda wa umeme unaoipasha joto kidogo isishike umande. Ila mkanda huo huwashwa mapema, na mfuko hufungwa nje ya mlango: vyote viwili ni kazi ya kabla, si ya baada. Desturi ya kupiga hodi na kungoja kizingitini hadi uitikiwe ni kazi ya namna hiyo. Tumezoea kudhani kungoja kule ni haki ya mwenyeji, apate kujisitiri. Ni haki ya mgeni vilevile: ni muda wa jicho lake kuiacha baridi lililokuja nayo.