Haki ya Kusema "Hakuna"

Kudai kwamba kitu kipo ni kazi nyepesi kuliko kudai kwamba hakipo. Anayesema chumbani mna nyoka anatakiwa aonyeshe nyoka mmoja tu, basi. Anayesema hamna nyoka ana deni kubwa zaidi: alitazama wapi, kwa mwanga gani, na kwa nini tuamini kwamba nyoka angekuwamo angemwona. Hata hivyo, "hakuna" ni miongoni mwa maneno yanayotutoka kwa wepesi kabisa: hakuna tatizo, hakuna hatari, hakuna malalamiko. Ni nini kinachompa mtu haki ya kulitamka? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba kutoona peke yake hakutoshi. Haki hiyo hupatikana kwa jaribio ambalo lingekifichua kitu hicho kama kingekuwapo. Nitalijenga jibu hili juu ya mfano mdogo, kegi ya bia ya nyumbani inayovuja gesi, kwa sababu katika mambo madogo hoja huonekana mifupa yake.

Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia saini sheria iliyowaruhusu watu wazima kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yao bila kulipa kodi ya serikali kuu. Wengi wanaoifanya kazi hiyo huhifadhi kinywaji chao katika kegi za chuma cha pua za lita 19 hivi, ambazo awali zilitengenezwa kwa ajili ya biashara ya soda. Kegi huungwa na mtungi wa kaboni dayoksaidi kupitia regulata, kifaa cha kudhibiti presha, na njia ya gesi ina viungo vingi: washa kati ya mtungi na regulata, mipira na vibano vyake, vichwa viwili vya kuungia mipira, vivalvu vyenye springi ndani ya vichwa hivyo, valvu ya kupunguzia presha, na mfuniko wenye pete kubwa ya mpira. Kila kiungo kinaweza kuvuja. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikijikusanya katika chumba kisichopitisha hewa inaweza kumuua mtu. Kwa hiyo anayesema "hakivuji" hazungumzii bia peke yake.

Regulata ya kawaida ina geji mbili: moja husoma presha inayokwenda kwenye kegi, nyingine presha iliyomo mtungini. Mtu anafungua gesi jioni, geji ya mtungi inasoma karibu baa 57 katika chumba chenye joto la nyuzi 20, na asubuhi inasoma vilevile. Anahitimisha kwamba hakuna kinachovuja. Hitimisho hilo halina msingi, ingawa geji haikusema uongo. Sehemu kubwa ya gesi mtungini iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kimiminika kingalipo, kila kinachotoka hufidiwa na kimiminika kinachogeuka kuwa gesi. Presha hapo hufuata joto, haifuati wingi. Mtungi ukijaa, ukifika nusu, ukibakiwa na kidogo, mshale husimama palepale. Unapoanza kushuka, kimiminika kimekwisha na hasara imeshatimia. Ndiyo maana anayetaka kujua kilichobaki huuweka mtungi kwenye mizani, kama anavyoweza kufanya mpishi wa Dar es Salaam au Nairobi kwa mtungi wake wa gesi ya kupikia, ambayo nayo hukaa mtungini ikiwa kimiminika. Geji ilijibu swali la presha kwa usahihi; kosa ni la aliyelichukua jibu hilo akalipachika kwenye swali la uvujaji.

Geji hiyohiyo inaweza kugeuzwa kuwa shahidi wa kutegemewa. Fungua valvu ya mtungi mpaka mfumo ujae, funga njia ya kwenda kwenye kegi, kisha funga valvu ya mtungi. Gesi iliyobaki katikati ni kidogo mno, na sasa haina akiba ya kuifidia. Hata tundu dogo katika sehemu hiyo litaushusha mshale, na mshale ukitulia kwa saa kadhaa, utulivu huo una maana ambayo jana haukuwa nayo. Chombo hakikubadilika, wala alama kinayoionyesha haikubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano kati ya alama na jambo linalotafutwa: mwanzo mshale ungesimama iwe kuna tundu au hakuna, na sasa tundu likiwepo hauwezi kusimama. Katika tofauti hiyo ndimo ushahidi unamozaliwa.

Hata jaribio zuri linahitaji kuhojiwa. Ukiiacha njia ya kegi wazi huku bia haijashiba gesi, mshale utashuka bila kuwapo tundu lolote, kwa sababu bia inainyonya gesi. Kegi ikihamishiwa kwenye friji, baridi nayo itaishusha presha. Mfuniko una hila yake: umebanwa kutoka ndani, hivyo presha kubwa huusukuma ukakaa vizuri, na kegi isiyovuja kwenye baa mbili inaweza kuvuja kwenye baa 0.7, presha ya kawaida ya kumiminia bia. Basi fundi makini hupima kwa presha itakayotumika, hupaka maji ya sabuni kiungo kimoja baada ya kingine, na hungoja, maana uvujaji mdogo huchukua dakika kadhaa kutoa povu. Akishapajua mahali, tiba huwa nyepesi: pete mpya ya mpira, grisi ya silikoni inayofaa kwa vyakula, washa mpya, au kukaza kichwa kilicholegea. Kisha hupima tena, kwa kuwa kutengeneza si uthibitisho wa kupona.

Mtu anaweza kupinga kwamba kwa kanuni hii hakuna atakayesema "hakuna" kamwe. Mpira wenyewe hupitisha gesi kidogo, na povu lina kikomo cha kile linachoweza kuonyesha. Hilo ni kweli, lakini linaifundisha kanuni adabu, haliivunji. Kauli ya uaminifu hubeba kipimo chake: hakuna uvujaji unaofikia kiasi hiki, kwa presha hii, kwa muda huu. Anayezungumza hivyo amesema jambo linaloweza kukaguliwa na mwingine, na likikutwa si kweli atasahihishwa. Anayesema "hakuna kabisa" anajisikia ana uhakika mkubwa zaidi, kumbe amesema jambo asilo na njia ya kulitetea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Maisha hayawezi kuendeshwa kwa kushuku kila kiungo. Jamii husimama juu ya kuaminiana, na dini zetu huihesabu dhana mbaya kuwa dhambi. Nakubali kwamba hatuwezi kupima kila kitu, na kwamba ukali wa jaribio sharti ulingane na uzito wa madhara. Ila tuulize pia nani abebe mzigo wa kuthibitisha. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger walishauri kisirushwe katika baridi iliyotarajiwa, kwa kuhofia pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi. Mjadala ukageuka: badala ya kudaiwa uthibitisho kwamba ni salama kuruka, wakajikuta wanadaiwa uthibitisho kwamba si salama. Chombo kiliruka, na watu saba wakafa. Tume ya uchunguzi ilionyesha kwamba katika safari zilizotangulia, zile nne za maungio yenye joto la nyuzi 17 au chini zote zilikuwa na dalili za pete kuathirika, na zile 20 za nyuzi 19 na zaidi zilikuwa na tatu tu. Waliotazama safari zenye dalili peke yake hawakuuona mpangilio huo. Ulionekana zilipowekwa pamoja nazo safari zisizokuwa na dalili. Kupima kwa namna hiyo si kumdhania mtu ubaya. Ni kumheshimu atakayepanda.

Hapa ndipo kanuni ya kegi inapotuhusu sote. Ofisi inatangaza kwamba haijapokea lalamiko hata moja. Shule inasema hakuna mtoto anayeonewa. Mume anasema nyumbani hakuna manung'uniko. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuupokea ukimya huo kama ushahidi, tuulize: lalamiko lingekuwapo, lingepita wapi? Kama mlalamikaji angepoteza kazi, kama mtoto angepigwa zaidi, kama mke angeambiwa hana shukrani, basi ukimya ungekuwapo kwa vyovyote, kuwe na dhuluma au kusiwe nayo, na kwa hiyo hauthibitishi kitu. Wahenga walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Anayetaka kusema "hakuna" kwa haki lazima kwanza atengeneze mahali ambapo "ipo" ingeweza kusemwa bila woga, na aulize mwenyewe badala ya kungoja kuambiwa.

Nasema lazima, kwa sababu hili ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la maarifa. Kauli ya "hakuna" humfanya anayeisikia aache kutazama. Huondoa ulinzi wa mtu mwingine na kuweka neno letu mahali pake. Ikiwa hatukupima, tumemnyang'anya tahadhari yake bila kumpa chochote. Asiyekuwa na nafasi ya kupima hana kosa; anachodaiwa ni kusema waziwazi kwamba hajapima, ili wenzake waendelee kuangalia.