Mchoraji Akiongeza Theluji, Amesema Uongo?



Leo tutafakari swali linaloonekana dogo. Kuna vijana wanaochora Mlima Kilimanjaro kwa rangi za akriliki na kuwauzia watalii pale Moshi. Anayetaka kuuchora akiwa nje huamka alfajiri, maana asubuhi ikisonga mawingu mara nyingi hufunika kilele. Anachokiona ni barafu kidogo juu, na chini migomba, mabati na nyaya za umeme. Lakini mteja anataka mlima mweupe pe, na tembo mbele yake. Akimpa, ametenda dhambi?

Wengi tutasema, "Aa, hiyo ni sanaa tu." Na kweli, hakuna anayeweza kupaka kila jani. Waya huu anauacha, mgomba ule anausogeza. Kuchagua si kudanganya. Mtakatifu Yohane Paulo II alipowaandikia wasanii barua mwaka 1999, aliona kwamba uzuri wanaoutafuta unaweza kumwelekeza mtu kwa Mungu.

Ila akriliki ina jaribu lake. Juani safu nyembamba hukauka ndani ya dakika chache, ndiyo maana wachoraji hubeba chupa ya kunyunyizia maji. Ikishakauka, maji hayaitoi tena, unapaka nyingine juu yake. Yaani usichokipenda unakifunika papo hapo.

Sasa, tangu mwaka 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Siku theluji mpya ikianguka, kilele huwa cheupe. Kichore hivyo, ni kweli ya siku hiyo. Lakini ukimwambia mnunuzi "ndivyo ulivyo siku zote", anaondoka akiamini mlima hauna shida. Amri ya Nane inamlinda jirani. Basi jiulize: nikifunika hiki, nani anaumia? Waya ukiondoka, hakuna. Mto uliokauka ukijazwa maji kwa brashi, yule anayeteka maji pale amefutwa pamoja na kiu yake. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba mateso ya dunia na ya maskini hayatenganishwi.

"Sawa, lakini kodi ya nyumba je?" Swali la haki. Mwenye njaa tusimhukumu haraka. Anaweza kuchora mlima wa zamani, au wa ndoto yake, na kuandika nyuma ya kanvasi kwamba ni wa kufikirika. Sentensi moja tu, na dhamiri inalala usingizi.

Hatari kubwa zaidi iko kwake mwenyewe. Akishazoea mlima wa kichwani, anaweza kuupa mgongo ule wa kweli na bado akamaliza kazi. Hatazami tena. Na asiyetazama atashukuruje? Tunamshukuru Mungu kwa alichotupa, siyo kwa tulichomtungia.

Wewe usiyechora, una simu yenye filta. Wiki hii, kabla hujaifunika sura yako, mtaa wako au nyumba yenu, itazame kwanza kwa dakika tano. Kisha umwambie Mungu ulichokiona, hata kama kinauma. Hapo ndipo sala inapoanza.

Tafakari njema. Mungu akubariki!