Kazi ya Mama na Deni la Waliopokea

Katika pwani yetu ya kusini, kuanzia Kilwa hata Lindi, kuna neno lisemwalo karibu katika kila msiba wa mama aliyezeeka katika wema: "Huyu alikuwa mama wa watu wote." Husemwa kwa machozi, na mara nyingi ni kweli. Alimtunza mumewe, akawalea wanawe na wana wa wengine, akakesha na wagonjwa, akapika katika arusi na matanga ya jirani, wala hakutaka malipo. Neno hilo twalipenda. Lakini yatupasa kulipima, maana ndani yake mna swali kubwa: sisi tuliopokea kwa mtu wa namna hii, twawiwa naye nini? Na sifa, je, yatosha kuwa malipo?

Tuanze na habari ya kale. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tangier, alifika Kilwa Kisiwani. Sultani wa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa, kwa ajili ya ukarimu wake. Msafiri asimulia ya kuwa siku moja ya Ijumaa maskini mmoja, mtu wa Yemeni, alimwomba sultani nguo alizozivaa. Naye akaenda, akavua, akampa. Baadaye mwana wa sultani akazitwaa tena nguo zile, akampa maskini yule watumwa 10 badala yake. Na sultani akaamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Habari hiyo imesomwa karibu miaka 700. Kuvua nguo ya mwilini kwa ajili ya maskini ni ukarimu, wala hatukatai. Lakini pembe zile waliziwinda wengine, na watumwa wale 20 walikuwa wana wa mama zao. Hakuna aliyewauliza kama wanapenda kutolewa. Basi kipawa kilikuwa maisha yao, na jina zuri likawa la mtoaji. Hapo twajifunza jambo la kwanza: kabla ya kukisifu kipawa, ni haki kuuliza kimetoka mkononi mwa nani.

Sasa, kando ya ukarimu wa jumba la mfalme tuuweke ukarimu wa nyumba ya makuti. Mwanamke wa pwani hii huamka kabla ya jua. Maji yakipwa hushuka pwani, akafunga mwani kambani au akatafuta pweza miambani. Akirudi kuna maji ya kuteka, kuni, chungu mekoni, na mtoto mgongoni. Jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, yeye ndiye agongewaye mlango. Akitoa, hatoi katika ghala, bali katika usingizi wake mwenyewe na nguvu za mwili wake. Wala hakuna msafiri aliyekuja kuliandika jina lake.

Tukumbuke pia vita vya Maji Maji. Vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Vitabu vimehifadhi jina la Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajeremani huko Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule. Baadaye askari walichoma maghala na mashamba, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hata leo wanawake wa Lindi na Mtwara huchimba ming'oko porini, mizizi ya kuchemshwa na kuliwa chakula kinapopungua. Maarifa hayo wameyapokea kwa mama zao na bibi zao. Majina ya waliopigana tunayo machache. Ya waliowalisha watoto waliosalia hatunayo.

Wala jambo hili si la pwani yetu tu. Wasomaji wengi walijua jina la Katharina von Bora, aliyeolewa na Martin Luther mwaka 1525. Alizaa watoto 6, akalea na yatima wa jamaa, akalima, akafuga, akapika bia, akawalisha wanafunzi na wageni wasio na hesabu. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 nyumba yao ikawa kama hospitali. Wanafunzi waliokula mezani pake waliandika maneno ya mumewe, yakawa kitabu. Lakini yeye aliyeiandaa meza ile hakuandikwa kwa bidii iyo hiyo. Mumewe mwenyewe aliijua thamani yake, na mwaka 1542 akaandika wasia ili mali iwe mikononi mwake. Lakini sheria ya Saxony haikumpa mjane haki hiyo, hata wasia ukapingwa. Luther alifariki mwaka 1546, vita vikaja, mashamba yakaharibiwa, na mama huyu akawa mwenye kuandika barua za kuomba msaada, mpaka alipofariki huko Torgau mwezi wa Desemba 1552. Sifa hakukosa. Alichokosa ni watu wa kuushika mzigo pamoja naye.

Wako wasemao ya kuwa kazi ya nyumbani si kazi, maana haileti fedha. Neno hili limekwisha kujibiwa hata barazani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yaagiza mahakama, wakati wa kugawa mali ya waliotalikiana, itazame mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua ya kuwa kazi za mke nyumbani nazo ni mchango. Mwanamke wa shauri lile mwenyewe hakupata alichoomba, kwa sababu nyingine. Lakini kanuni ilisimama. Basi ikiwa hakimu aiona kazi hiyo siku ya kuachana, je, mume na wana hawapaswi kuiona siku za kukaa pamoja?

Lakini mwingine atasema, "Upendo ukilipwa hugeuka biashara. Mama hatoi ili alipwe. Ukimpa mshahara umemtukana." Neno hili lina kweli ndani yake. Hata hivyo, kutotaka mshahara si sawa na kutochoka. Tena kuna tofauti kati ya mzigo uliochukuliwa kwa hiari na mzigo ulioachiwa mtu. Mzigo uliochukuliwa kwa hiari mwaka wa kwanza waweza kuwa mzigo wa kuachiwa mwaka wa 10, wala hapana aliyeona siku ulipogeuka.

Twawezaje kuujua? Kipimo ni hiki: mama huyo akisema, "Leo siwezi," atasikiwaje? Wengine wakiinuka na kusema, "Pumzika, tutafanya sisi," basi kazi yake ni kipawa kweli kweli. Lakini wakimnung'unikia na kumwambia, "Nawe ndiwe mama wa watu wote!" basi sifa imekuwa kamba ya kumfungia. Asiyeweza kukataa hatoi. Anatwaliwa, kama wale watumwa 20 wa Kilwa wasioulizwa.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Tabitha wa Yafa. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Sifa yao ilikuwa ya haki, maana waliijua kazi yake nguo kwa nguo. Sifa yetu nayo na iwe hivyo: tusiseme tu kwamba alikuwa mwema, bali tujue alifanya nini, kwa saa ngapi, na kwa ajili ya nani. Anayeijua kazi kwa namna hiyo ataona haya kukaa akitazama.

Kwa hiyo twawasihi waalimu na wazee wa kila mtaa: wahesabuni leo, wakiwa hai, wanawake wanaofagia, wanaopika, wanaotembelea wagonjwa na kuwaosha maiti. Andikeni majina yao pamoja na ya watoao fedha. Kisha kwa kila kazi ulizeni, nani atamshika mkono huyu? Wanaume na wateke maji ya msiba. Wavulana na wafundishwe kupika na kumwuguza mgonjwa. Binti asiachishwe masomo kwa kuwa mama yake amelemewa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi mama aliyewalea wengi asiachwe na mikono yake miwili tu, huku iliyo mingi ikingojea siku ya kumzika.