Alama Ambayo Sikuiomba



Nikiwa chuo kuna swali lilinisumbua sana. Nilibatizwa nikiwa na miezi mitatu. Nani aliniuliza? Basi nikajiambia, nisichokichagua hakinihusu. Miaka miwili sikukanyaga kanisani.

Siku moja, huko Mji Mkongwe, Unguja, niliingia kwa sonara kutengenezewa cheni ya marehemu bibi. Mezani palikuwa na kopo limejaa vyuma vifupi vya kupigia nakshi, kila kimoja ncha yake imechongwa: ua, nyota, jani. "Vya babu yangu hivi," mzee akasema. Kwa juu vilikuwa vimepondeka kama uyoga kwa nyundo za miaka mingi, ila ncha bado nzima. Akapasha kipande cha fedha kilainike, kikapoa, akagonga mara moja tu. "Ukirudia vibaya, ua linakuwa mawili."

"Na mtu akitaka kulifuta, mzee?"

Akacheka. "Atasugua mpaka amalize fedha yenyewe, mwanangu." Akanionyesha bangili kuukuu iliyopiga weusi. Nakshi bado ilisomeka.

Nilitoka pale nikiwaza. Katekisimu namba 1121 inafundisha kwamba Ubatizo, Kipaimara na Daraja huacha alama isiyofutika. Neno la Kigiriki lililolipa fundisho hilo jina, *kharakteri*, lilitumika kwa chapa iliyogongwa kwenye sarafu. Waebrania 1:3 inalitumia kwa Kristo mwenyewe.

Najua, mfano una mipaka. Bangili inaweza kuyeyushwa, tena haina hiari. Mimi ninayo, na hapo ndipo swali langu lilipogeuka. Jina langu sikuliomba. Lugha yangu sikuiomba, wala upendo wa mama. Mzazi asiyempa mtoto kitu mpaka mtoto aombe hampi uhuru, anamtelekeza. Alama ya Ubatizo inasema mimi ni wa nani. Hainilazimishi kuishi hivyo. Jibu bado ni langu, na kwa miaka miwili nilikuwa nalijibu vibaya huku nikijiita huru.

Nikaenda kuungama. Padre hakunibatiza upya, maana chapa hii hupigwa mara moja tu. Alinisikiliza, akaniondolea dhambi. Weusi ulisafishwa, alama ilikuwepo muda wote.

Na wewe uliyekaa mbali, unasubiri nini?

Mtakatifu Eligius, sonara na askofu, utuombee. Amina.