Wakunga Walijengewa Nyumba

Wapendwa, fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, mkasome habari za Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wakunga hao wawaue watoto wa kiume wa Waebrania mara tu wanapozaliwa, wakakataa. Tumezoea kuhubiri ujasiri wao, kisha tunafunga kitabu kabla ya kufika mstari wa 21, pale Mungu anapowapa ujira. Ujira ule haukuwa makofi. Haukuwa cheti cha kutundika ukutani kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi. Aliwajengea nyumba. Alilipa!

Sisi tumeligeuza jambo hili. Tangu 2023 muuguzi wa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za watu wengine. Sina ugomvi na nyumba hizo. Nauliza tu: mkunga naye atajengewa lini?

Nasema nawe, sista wa hospitali ya Longisa. Nasema nawe wa Kapkatet, wa Litein, wa Kaplong, na wewe wa Tenwek, hospitali iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1937 na ambayo hadi leo ina chuo chake cha uuguzi. Umekaa wodini miaka ishirini. Kila muhula unaletewa wanafunzi, wengine wa chuo cha serikali, KMTC, wengine wa vyuo vya misheni, sare zao zingali na mikunjo ya dukani. Wagonjwa wako hawapunguzwi hata mmoja. Zamu yako haifupishwi hata kwa dakika. Unaambiwa tu: hawa nao ni wako.

Nawe unawafundisha. Mwanafunzi anafika leba akiwa ameshasoma kwamba mama akipoteza mililita 500 za damu baada ya kujifungua yuko hatarini. Lakini shuka lililolowa damu halina alama za mililita! Ni wewe, uliyeyaona mashuka ya miaka yote hiyo, unayemwambia: hii imezidi, kanda tumbo, lete oksitosini, mwite daktari, na usimwache mama peke yake. Ni wewe unayemshika mkono akitafuta mshipa wa mtoto aliyekaushwa maji na kuhara. Ni wewe unayemwonyesha kwamba mstari wa patografu haujazwi asubuhi kwa kukumbukakumbuka, hujazwa saa ile ile, maana hapo ndipo mtoto anaokolewa au anapotea. Na ni wewe unayemfunza kumweleza kogo, bibi aliyetoka kijijini Sigor, kwa Kikipsigis na kwa adabu, kwa nini mjukuu wake hawezi kurudi nyumbani leo.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowagonga watu katika makutano ya Londiani na zaidi ya hamsini wakafa, majeruhi walikimbizwa katika hospitali za kaunti hii ya Kericho. Jioni kama ile haimpi mgeni wa kazi nafasi ya kufungua kitabu. Alichofunzwa na mkubwa wake ndicho alicho nacho mkononi.

Sasa sikieni sheria za nchi yetu zinavyosema. Sheria ya Fedha ya 2015 ilimwahidi mwajiri nafuu ya kodi akiwachukua wanagenzi wasiopungua kumi, wahitimu wa vyuo vikuu, kwa miezi sita hadi kumi na miwili: nusu ya mishahara aliyowalipa. Kwa hiyo Kenya imekwisha kukiri kwamba kumlea mwanagenzi ni jambo linalostahili kupunguziwa kodi. Lakini nafuu ikaenda kwa mwenye kampuni! Yule anayesimama na mwanagenzi saa tisa za usiku hakutajwa popote. Anakatwa kodi sawasawa na mwenzake aliyewafukuza wanafunzi wodini, na kila shilingi inayozidi 32,333 kwa mwezi inachukuliwa asilimia 30.

Mkulima wa majani ya chai hapa Bureti hulipwa kwa kilo kila mwezi, kisha husubiri bonasi, kwa sababu kila mtu anajua malipo ya mwezi hayakumaliza thamani ya jani lake. Mlezi wa wauguzi anapewa malipo ya mwezi tu. Bonasi yake iko wapi?

Basi nadai hivi: kila mwezi muuguzi anaopewa rasmi mwanafunzi au muuguzi mpya wa kumlea, aongezewe nafuu ya kodi ya shilingi 2,400, sawa na ile nafuu binafsi ambayo kila mfanyakazi anayo. Akilea miezi sita, ni shilingi 14,400 zinazobaki nyumbani mwake. Hilo si jambo geni duniani. Huko Marekani, jimbo la Colorado humpunguzia kodi ya dola 1,000 kwa mwaka mhudumu wa afya anayewaelekeza wanafunzi vijijini bila malipo. Hawaii ilitunga sheria yake mwaka 2018, dola 1,000 kwa kila kipindi cha mafunzo, mwisho 5,000 kwa mwaka. Sheria hizo zilipoanza ziliwahusu zaidi madaktari na wauguzi wa ngazi za juu. Sisi tuanzie leba.

Kuna mzee wa kanisa ataniambia uuguzi ni wito. Ni wito, naam! Uchungaji nao ni wito, na sijaona mchungaji anayerudisha sadaka.

Mwingine atasema kaunti itoe posho. Posho hutoka kaunti, na mishahara ya kaunti tunajua inavyochelewa. Tena ikifika inakatwa kodi. Nafuu haichelewi na haikatwi. Gavana hana uwezo huo hata akitaka, kwa kuwa Kifungu cha 209 cha Katiba kinaiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato.

Wa tatu ataogopa udanganyifu, na huyu namsikiliza, maana wapo wanaotia sahihi madaftari ya wanafunzi ambao hawakuwagusa. Wapo pia wanaomfokea msichana wa watu mbele ya wagonjwa mpaka anaacha kazi moyoni kabla hajaianza. Nafuu hii si yenu ninyi! Mwanafunzi na atie sahihi pia, chuo kithibitishe, Baraza la Wauguzi liweke orodha, kisha mwajiri aandike miezi hiyo kwenye fomu ya P9. Karatasi zote hizo zipo tayari.

Tukisitasita, wenye ujuzi wataendelea kuondoka. Serikali yetu ilitia saini mkataba na Uingereza mwezi Julai 2021 wa kupeleka wahudumu wa afya huko, na anayehitajika huko ni yule aliyekwisha kuiva, yule yule aliyekuwa amewashika wengine mkono. Jamii ya Wakipsigis haikumtoa kijana jandoni bila motiriot wa kumfunza, na motiriot huyo aliheshimiwa mpaka uzeeni. Leo tunawapeleka binti zetu kwenye wodi iliyojaa na kuwaombea tu.

Waheshimiwa wabunge wa Ainamoi, Belgut, Bureti, Konoin, Sotik, Chepalungu, msituambie haiwezekani. Desemba 2024 mlibadilisha sheria, na makato ya afya na ya nyumba yakaondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kalamu iliyofanya hivyo haijakauka wino. Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha, na Mei wananchi huitwa kutoa maoni.

Na wewe sista, usingoje kusemewa. Orodhesha wote uliowalea mwaka huu, na miezi yao. Kusanyeni orodha za wodi nzima, muuambie muungano wenu wa wauguzi, mziandikie barua, mmpelekee Karani wa Bunge la Kitaifa mwezi huo wa Mei, na nakala mmwachie mbunge wenu mkononi, siku ya Jumapili, akitoka kanisani.