Joto la Bure ni la Nani?



Baridi imeanza. Wengi wetu wa Husby, Rinkeby na Tensta tunakaa katika majengo ya ule mpango wa nyumba milioni moja wa 1965 hadi 1974. Joto limo ndani ya kodi, hivyo chumba kikizidi joto hatupunguzi hita, tunafungua dirisha. Si limelipiwa?

Je, kisichotutoka mfukoni ni halali yetu kukipoteza? Mali bila daftari huisha bila habari. Makaa ya mawe yalikoma Värtan mwaka 2020, lakini taka na kuni bado huchomwa ili tuote joto. Ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya walikosa mvua misimu mitano mfululizo tangu 2020, nao hawakufungua dirisha lolote huku.

Lakini haki ina pande mbili. Jengo likiwekewa madirisha mapya na kuta zisizopitisha baridi, kodi hupanda, na mama anayelea peke yake hujiuliza atahamia wapi. Hilo tulisemee katika mikutano ya wapangaji, tusinung'unike jikoni tu.

Mwaka 2006 jiji lilipoanza kutoza magari yanayoingia katikati, watu walilalamika. Magari yalipungua kwa karibu moja ya tano, na watafiti wakaona pumu ya ghafla kwa watoto imepungua. Sisi tunaokesha wodini twajua thamani ya hilo.

Basi tuanze na letu: hita ishuke, dirisha lifungwe, na Jumapili tuje kwa treni au tupeane lifti.