Kuna Faida Gani Kuhesabu Treni?



Likizo iliyopita mjukuu wangu akaaye Dodoma, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alikuja kwetu Mbinga na daftari moja. Ndani yake hamna hesabu wala insha. Mna treni. Ameandika namba za vichwa vya treni alivyoviona, siku na saa alipoviona, na idadi ya mabehewa. Tangu treni za umeme zilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, mtoto huyu amejipatia kazi isiyo na mshahara. Mama yake alinipigia simu: "Baba, mwambie aache. Wewe ni mwalimu, atakusikia."

Nilikubali, kisha nikashindwa kusema neno. Sababu nitaieleza. Lakini kwanza yafaa tujiulize swali lenyewe: mtu huvutwa na nini hata akasimama juani kutazama treni asiyoipanda, na kuandika namba isiyompa chakula?

Watu wa namna hii ni wengi. Huko Uingereza, mwaka 1942, kijana mfanyakazi wa reli aitwaye Ian Allan alitoa kijitabu cha namba za injini, na watoto wengi wakafuata mtindo huo wa kwenda stesheni na penseli. Hata katika Kanisa letu la Anglikana wamekuwamo. Mchungaji Awdry alianza kumsimulia mwanawe mgonjwa hadithi za treni, na kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1945. Askofu Eric Treacy wa Wakefield alikuwa mpiga picha hodari wa treni, akafariki mwaka 1978 papo hapo kwenye stesheni ya Appleby. Nairobi nako kuna jumba la makumbusho la reli tangu 1971. Humo imo injini ya mvuke yenye uzito wa tani zaidi ya 250, iliyopewa jina la mlima wetu wa Gelai, na watu hutoka mbali kwenda kuitazama.

Sisi wa Ruvuma tusiwacheke. Treni hatuna, lakini meli tunazo. Nani aliyekulia Liuli au Mbamba Bay asiyejua watoto wanavyokimbilia ufukweni wasikiapo honi? Wazee wetu waliisimulia Chauncy Maples kama mtu asimuliavyo habari za shangazi yake: jinsi ilivyoundwa Glasgow mwaka 1899, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa ziwani mwaka 1901, ikabeba jina la Askofu aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895.

Naona sababu tatu. Ya kwanza ni utaratibu. Moyo wa binadamu hupenda kuona mambo yamepangwa, kama vile Mmatengo anavyofurahi kutazama ngoro zilizochimbwa vizuri ubavuni mwa kilima. Treni ina namba, ina saa, ina njia isiyoweza kuiacha. Ya pili ni safari. Anayeitazama ikipita huwaza inakotoka na inakokwenda, na dunia yake hupanuka bila yeye kuondoka. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa kwangu, ni kwamba hakuna awezaye kuitia treni mfukoni. Vitu vingi tunavyovitamani, twataka viwe vyetu. Mtoto huyu anapenda kitu ambacho hatakimiliki kamwe, naye ameridhika kukijua tu. Hii si tamaa. Ni kuvutiwa kusikodai malipo.

Tena kujua huzaa kujua. Mjukuu wangu ndiye aliyenieleza kwamba upana wa reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, wa TAZARA ni 1,067, na wa reli mpya ni 1,435. Kwa hiyo behewa la reli moja haliwezi tu kuhamia reli nyingine. Nilipanda TAZARA kutoka Makambako nikienda chuo cha ualimu, na jambo hilo sikuwahi kulifikiri.

Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza. Katika miaka ya themanini nilifundisha shule moja ya ufukweni. Mvulana mmoja wa darasa la tano alikuwa akitoroka kila meli ilipopiga honi. Siku moja nilimkuta na daftari: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na mbele ya tarehe nyingine neno moja tu, "Haikuja." Nilimchapa, kisha nikalichana daftari lile mbele ya darasa zima. Hakutoroka tena, nami nikajisifu. Lakini pia hakunyosha mkono tena darasani mpaka alipomaliza la saba.

Kumwadhibu kwa kutoroka kulikuwa na hoja. Kuchana daftari hakukuwa na hoja yoyote. Miaka miwili nilikuwa nikimfundisha kuandika kumbukumbu kwa mpangilio, na alipoandika bila kuamriwa, nilimwaibisha.

Hata hivyo mama wa mtoto ana haki yake. Kuvutiwa huku kwaweza kuwa maficho ya mtu kukwepa kazi na wenzake. Tena yeye ahesabuye mashine aweza kuwasahau watu. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, iligharimu maisha ya vibarua wa Kihindi wapatao 2,500. TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na huko Gongo la Mboto yako makaburi ya Wachina waliokufa katika kazi hiyo. Namba ya injini pasipo habari za watu hao ni nusu ya habari.

Basi nilimwita mjukuu wangu nikampa masharti matatu. Kazi za nyumbani na za shule zitangulie. Asisogelee njia ya reli. Na katika kila ukurasa wa namba aandike pia habari za mtu mmoja: dereva, fundi, au mama auzaye chakula karibu na stesheni. Aliwaza kidogo, akauliza, "Babu, naweza kuanza na wewe? Ulipanda Makambako." Tukaanza. Mama yake nikamwambia amwachie daftari.

Nasi wazazi na walimu, kabla ya kuuliza kitu akipendacho mtoto kina faida gani, tukitazame naye walau siku moja.

Na wewe uliyekuwa mwanafunzi wangu kule ufukweni, ambaye sasa u mtu mzima mwenye watoto, ukiyasoma haya, mwalimu wako anakuomba radhi.